Wanafunzi kupeana maksi wenyewe kwa wenyewe kwenye grupu asaimenti: haki au kuoneana?

#1 Kimbweta Namba Nne
Wakuu, salaam.

Niko mwaka wa pili, chuo nakiacha bila jina. Muhula huu lekcha wetu mmoja kaja na utaratibu mpya. Grupu asaimenti ina maksi 20 kati ya 40 za CA (maksi za kazi za muhula, kabla ya mtihani), ila 10 kati ya hizo hatoi yeye. Tunapeana wenyewe: kila mwanagrupu anampa mwenzake alama kulingana na "mchango wake". Fomu anakusanya CR (kiongozi wa darasa), anapeleka ofisini.

Grupu letu tuko saba. Kazi tumefanya watatu. Mmoja alitafuta desa (notsi za kusomea), mwingine akaandika, mimi nikaunganisha na kutengeneza slaidi. Kwa wale wanne, wawili walituma namba ya usajili tu ("niwekeeni kwenye kava wakuu"), mmoja alileta ukurasa wa kunakili mtandaoni ambao hata viungo vya bluu hakuvitoa, na wa mwisho simu yake haikupatikana mpaka siku ya prezentesheni, akatokea na suti.

Siku ya kujaza fomu tulikaa kimbwetani (ile meza ya zege ya kusomea nje) wote saba, bega kwa bega, kalamu moja inazunguka. Nani ataandika 3 huku mwenye suti anamchungulia? Zilitoka 10 tupu kuanzia juu mpaka chini. Grupu la jirani wao walijaza kwa ukweli, kila mtu chumbani kwake. Matokeo yake dada aliyekuwa anawasukuma wenzake kaambulia wastani wa 4, maana wavivu walikuwa wengi na walishamchoka.

Sasa huu utaratibu unapima nini hasa? Kuna mtu ameuona ukifanya kazi popote?

#2 Ngoja Waje
Nimekaa paleee nawasubiri madokta wa humu.

#3 DesaKamili
Mkuu usiumize kichwa. Lekcha amechoka kusahihisha, basi. Darasa lina watu 400, TA (msaidizi wa lekcha) mmoja, na huyo TA naye anasoma masters. Pepa 400 zitaisha lini? Wakaona waweke grupu za watu wanane, zikabaki pepa 50. Sasa hata hizo 50 wanataka tuwasaidie.

#4 Bint Mkunazini
Huyo wa suti kanimaliza 😂

Mimi nionavyo ubaya si utaratibu, ubaya ni hiyo kalamu moja. Kura gani inapigwa watu wamekaa duara? Sisi skuli ya ualimu tulikuwa tunajaza kila mtu peke yake, fomu inatiwa ndani ya bahasha, bahasha inagundishwa. CR hana ruhusa ya kuifungua. Na bado watu walipeana nyingi, lakini si 10 tupu.

#5 Kimbweta Namba Nne
@Bint Mkunazini, grupu la jirani walijaza kwa siri na ndio walioumizana. Sasa siri inasaidia au inaharibu?

#6 Mwalimu wa Jioni
Nafundisha chuo, kwa hiyo mnisamehe nikitetea kabila langu.

DesaKamili, hoja yako ina ukweli nusu. Grupu asaimenti nyingi kweli zinatokana na ukubwa wa darasa. Lakini hizi fomu za kupeana alama hazipunguzi kazi, zinaiongeza. Nakusanya fomu, naingiza kwenye kompyuta, halafu wiki nzima mlango unagongwa: "mwalimu, mbona fulani kanipa mbili?" Kama ni uvivu, ningewapa wote maksi sawa nikalale.

Kitu kingine, humu mnachanganya mambo mawili. La kwanza ni kupima mchango wa mwenzako ndani ya grupu. La pili ni kusoma kazi ya mwenzako ambaye hamko grupu moja, ukampa maoni na pengine alama. Keith Topping aliandika mapitio makubwa mwaka 1998 kuhusu tathmini baina ya wanafunzi wa vyuo, na faida nyingi zinazosifiwa zinatoka kwenye hili la pili: anayesahihisha anajifunza kuona kazi nzuri ikoje. Hili la kwanza ni upolisi tu, linatafuta nani kabebwa.

#7 Ngoja Waje
Naunga mkono hoja. Hasa hiyo ya kulala.

#8 Fundi Takwimu
Upolisi una hesabu zake, ngoja niiweke, maana naona lekcha wa mleta mada katumia njia mbovu ya wastani.

Kuna programu inaitwa WebPA. Humo ukimwaga 10 kwa kila mtu ni sawa na kuwagawia wote sawasawa, hakuna anayepanda. Chukulia kila mwanagrupu ana pointi 100 za kugawa kwa wote, na yeye mwenyewe akiwemo. Ukimwongezea mmoja lazima umpunguzie mwingine. Mwisho unajumlisha pointi ulizopokea. Ukipata 100 uko wastani, unachukua alama ya grupu kama ilivyo. Ukipata 120 inazidishwa kwa 1.2, ukipata 40 inazidishwa kwa 0.4. Kazi ya grupu ikiwa na 14 kati ya 20, wa kwanza ana 16.8, wa pili ana 5.6. Mambo yamekwisha.

#9 Bandari Salama
Hao ni Wamarekani na vyuo vyao vya watu 20 darasani. Huku tuna kozi za jumla za mwaka wa kwanza ambazo nusu ya darasa wanasikilizia dirishani.

#10 Mwalimu wa Jioni
Marekebisho madogo: WebPA ilitengenezwa Loughborough, Uingereza. Ya Wamarekani ni CATME, ya Purdue. Ila ya dirishani sina la kurekebisha.

#11 Kimbweta Namba Nne
@Fundi Takwimu, sisi wavivu ni wanne, wachapakazi watatu. Piga hiyo hesabu yako hapo.

#12 Fundi Takwimu
Nilijua utauliza.

Wanne wakikubaliana wagawiane wao kwa wao, kila mmoja wao anapokea 100 kutoka ndani ya genge. Nyie watatu mkiwa waungwana mkagawa sawa kwa wote saba, kila mtu anapata karibu 43 kutoka kwenu. Jumla: mvivu ana 143, mchapakazi ana 43. Kazi yenu ikiwa na 14, mvivu anaondoka na 20 kamili, wewe unaondoka na 6.

Na nyie mkiunda genge lenu mkajipa wenyewe tu, kila mtu anarudi 100. Wote 14, kana kwamba fomu hazikuwepo.

#13 DesaKamili
Kwa hiyo mkweli ndiye anayefelishwa. Asante kwa sayansi, mkuu.

#14 Bint Mkunazini
Yaani kaka Fundi kaja kuitetea, kaizika mwenyewe.

#15 Fundi Takwimu
Sijaizika. Ndiyo maana walimu wengi wanaitumia kwenye nusu ya alama tu, nusu nyingine inalindwa. Kwa mfano ule ule, saba zinabaki za kila mtu, saba zinazidishwa. Wewe unapata 10, mvivu 17. Bado inauma lakini huendi kwenye sapu (mtihani wa marudio). Halafu mwalimu akiona watu wanne wamewapa sifuri wale watatu, hilo genge linaonekana wazi kwenye jedwali. Anatakiwa awaite. Tatizo ni kwamba hawaiti.

#16 Mzigo Mzito
Ngoja niongee kwa niaba ya wanaobebwa, maana humu mnatusema kama hatupo.

Mimi nilikuwa "mzigo" karibu mwaka mzima wa kwanza. Bodi ya mikopo ilinipa ada tu, boom (hela ya kujikimu) sikupata. Nikawa nakaa kwa shangazi Mbagala, jioni nauza chipsi kwenye banda lake. Grupu linaitisha kikao saa tatu usiku hosteli, mnajua wenyewe foleni na nauli. Laptop sina, nasoma kwa simu, faili la asaimenti likifunguka majedwali yanakimbiana. Nikisema "nipeni sehemu ya kwangu nifanye asubuhi" naambiwa tumeshamaliza jana. Fomu ilipokuja nikapewa 2, na maoni "hana ushirikiano".

Hakuna aliyedanganya. Ila ile fomu haikuwa na sehemu ya kuuliza kwa nini.

#17 Kimbweta Namba Nne
Pole kaka, hiyo sikuifikiria. Ila huyu wetu wa suti hosteli anakaa chumba cha pili kutoka kwangu.

#18 Ngoja Waje
@Mzigo Mzito chipsi bado zipo? Naulizia rafiki yangu.

#19 Comrade wa Eldoret
Nyinyi watu wa Bongo mna bahati, mnagombania maksi ambazo zipo. Huku Kenya kuna ugonjwa unaitwa "missing marks". Unafanya CAT (jaribio la katikati ya muhula), unafanya mtihani, matokeo yakitoka pale kwenye kozi pako wazi kama hukufika. Unaenda idara, idara inakutuma kwa mwalimu, mwalimu ni wa mkataba na ashahamia chuo kingine. Nina rafiki alikosa kugradueti na wenzake kwa sababu ya kozi moja. Sasa niambie wanafunzi ndio watunze alama za wenzao. Si hata CR atapotea nazo kwa matatu?

#20 Bandari Salama
Comrade huku nako ziko, tunaziita "incomplete" tu ili zisikike za kitaalamu.

Turudi kwenye mada. Kuna utafiti ulisema alama za wanafunzi zinalingana na za mwalimu kwa asilimia 69. Asilimia 69 si haba. Kwa hiyo wanafunzi wanaweza, ni basi tu hawataki.

#21 Fundi Takwimu
Hapana mkuu, hiyo si asilimia. Nancy Falchikov na Judy Goldfinch mwaka 2000 walikusanya tafiti 48 zilizolinganisha alama za wanafunzi na za walimu, wakapata uwiano (correlation) wa wastani 0.69. Maana yake mpangilio unafanana: aliyeko juu kwa mwalimu aghalabu yuko juu kwa wanafunzi pia. Kila mwanafunzi akiongezewa maksi tano za huruma, uwiano haubadiliki hata kidogo. Huruma haionekani kwenye namba hiyo.

Na waliona kitu ambacho lekcha wa mleta mada angekisoma: ulinganifu unakuwa mzuri pale wanafunzi wanapotoa hukumu moja ya jumla kwa vigezo wanavyovielewa vizuri, kuliko wakipewa vipengele vingi wajaze kimoja kimoja. Fomu zetu huku zina visanduku kumi na mbili, "nidhamu", "ubunifu", "uongozi". Nani anajua 3 ya ubunifu na 4 ya ubunifu zinaachana wapi?

#22 Dada wa Wodini
Nimesoma uzi wote nikiwa zamu. Kwetu afya ni tofauti kidogo, hakuna bahasha wala siri. Mnazunguka wodi pamoja, unawasilisha mgonjwa, ukimaliza wenzako wanakwambia palepale mbele ya daktari.

Nikiwa mwaka wa tatu kuna mwenzangu aliniandikia kikaratasi baada ya raundi. Hakikuwa na alama. Kilisema: "Unamsomea daktari faili. Mgonjwa alikuwa anakutazama muda wote anataka kuongeza kitu, hukumwona." Nilikasirika, nikakunja nikatia mfukoni mwa koti. Raundi iliyofuata nikajikuta nasimama upande wa kichwani kwa mgonjwa, faili nimeliweka kitandani. Angeandika 4 kati ya 10 ningebaki na hasira tu.

Kwa hiyo mimi nasema ondoeni maksi, bakizeni maneno.

#23 DesaKamili
Dada, ukiondoa maksi nani atajaza? Mwanafunzi wa Kitanzania bila CA hafungui hata faili. Tuseme ukweli.

#24 Dada wa Wodini
Yule aliyeniandikia hakulipwa maksi.

#25 Mwalimu wa Jioni
Hapa mmegusa penyewe. Moodle, ambayo vyuo vyetu vingi wanayo, ina kipengele kinaitwa Workshop. Mwanafunzi anapandisha insha, mfumo unamgawia insha za wenzake kwa bahati nasibu, anazisoma na kuziwekea alama na maoni. Mwisho anapata alama mbili: ya insha yake na ya usahihishaji wake. Ukiukuta ulivyo bila kugusa mipangilio, insha ni 80 na usahihishaji ni 20. Mtu analipwa kwa kusahihisha vizuri, si kwa kupendwa.

Nimeitumia kwa darasa la mwaka wa tatu. Nilianza kwa kuwapa insha tatu za zamani, nzuri, mbaya na ya katikati, tukazisahihisha pamoja darasani kwa kubishana. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mmoja alitetea ile mbaya kwa nguvu zote, akisema "lakini ni ndefu". Baada ya ubishi ule maoni yao yakaanza kuwa na meno.

#26 Bandari Salama
Mwalimu, na intaneti ikikatika siku ya mwisho?

#27 Mwalimu wa Jioni
Ilikatika. Nikaongeza siku mbili.

#28 Binti wa Kipawa
Habari zenu. Wakuu mmeongea yote hakuna aliyegusa hili. Kwenye grupu zetu wasichana tunapewa kuchapa na kununua maji ya prezentesheni. Wazo unaweza kulitoa wewe, anayesimama mbele kulieleza ni mwanaume. Kwenye fomu unakuta mchango wako ni "aliandaa vinywaji". Alama 6.

Na msiniambie ni hisia. Mwaka 2015 kuna utafiti wa Marekani, wa MacNell na wenzake, kozi ya mtandaoni ambayo wanafunzi hawamwoni mwalimu. Mwalimu yuleyule akijitambulisha kwa jina la kiume anapewa tathmini ya juu kuliko akijitambulisha kwa jina la kike. Kama wanafunzi wanamfanyia hivyo mwalimu, sisi wenzao tutapona?

#29 Fundi Takwimu
Ni kweli upo, ingawa darasa lenyewe lilikuwa dogo sana, nisingeujengea nyumba. Ila hoja yako ya vinywaji haihitaji utafiti, nimeiona kwa macho.

#30 Comrade wa Eldoret
Hapo kwa kuwatathmini walimu ndio kuna vituko. Kwetu ni fomu mwisho wa semester, mwalimu mwenyewe anaileta na anasimama hapo mbele akingoja.

#31 Kimbweta Namba Nne
Kwetu mfumo unafunga matokeo mpaka ujaze tathmini ya walimu wote. Una kozi saba, kila kozi maswali ishirini na kitu, bando linaisha, unataka kuona GPA. Watu wanashuka mstari mmoja tu, 5 5 5 5 mpaka chini. Hata kozi ambayo mwalimu alikuja mara tatu muhula mzima, "mwalimu huhudhuria vipindi kwa wakati": 5.

#32 DesaKamili
Na ukimkasirikia unashuka 1 1 1 1. Katikati hakuna mtu.

#33 Mjukuu wa Pangani, Ujerumani
Huku Ujerumani kuna jaribio nalipenda sana. Chuo cha Münster, wanafunzi 118 wa udaktari mwaka wa tatu, waligawanywa kwenye vikundi kwa bahati nasibu. Nusu ya vikundi viliwekewa gramu 500 za biskuti za chokoleti darasani, nusu havikuwekewa. Kozi ileile, walimu walewale. Waliokula biskuti waliwapa walimu alama za juu, na hata vitabu na vifaa vya kozi wakaviona bora zaidi. Ilitoka 2018.

#34 Ngoja Waje
Mwalimu wa Jioni, sisi chai na maandazi inatosha.

#35 Mwalimu wa Jioni
Nimeandika.

Kwa uzito kidogo: mwaka huohuo 2018 huko Kanada msuluhishi William Kaplan aliamua kesi kati ya Chuo Kikuu cha Ryerson, ambacho sasa kinaitwa Toronto Metropolitan, na chama cha wahadhiri wake. Aliamua kwamba fomu za wanafunzi zisitumike kupima ubora wa ufundishaji kwenye kupandisha watu vyeo. Zinaweza kueleza uzoefu wa mwanafunzi darasani, hilo ndilo wanafunzi wanalijua. Na Uttl na wenzake mwaka 2017 walipopitia upya tafiti za nyuma, hawakuona kwamba wanafunzi wanajifunza zaidi kwa mwalimu waliyempa alama nyingi.

Mimi binafsi alama zangu sizitazami tena, nasoma maoni. Muhula uliopita nilipata moja: "Mwalimu ni mzuri ila akiuliza 'mmeelewa?' tunasema ndiyo kwa sababu tuna njaa." Kipindi ni saa saba mchana. Niliomba kibadilishwe, ratiba ikakataa.

#36 Bint Mkunazini
Basi angalau nyinyi mnasoma. Sisi tumejaza miaka yote mitatu, hatujawahi kuambiwa "mlisema hivi, tumebadilisha hivi". Mtu anajazaje kwa moyo kitu kisichojibiwa? Mimi naona hapo ndipo mzizi ulipo, hata kwenye hizo fomu za grupu. Tumezoea kwamba fomu ni ya kufunga faili.

#37 DesaKamili
Mzizi ni ukubwa wa madarasa, nimesema tangu namba 3.

#38 Binti wa Kipawa
Mzizi ni nani anahesabiwa kuwa amefanya kazi.

#39 Bandari Salama
Mzizi ni kulindana. Sisi hatuwezi kumwandikia mwenzetu ubaya kwenye karatasi, tutamsema kantini. Ndivyo tulivyolelewa.

#40 Dada wa Wodini
Bandari, mbona grupu la jirani wa mleta mada waliandikiana ubaya vizuri tu?

#41 Bandari Salama
Hao watakuwa wamelelewa na wengine.

#42 Comrade wa Eldoret
Mwalimu, hiyo Workshop ya Moodle majina yanaonekana? Mimi niko kamati ya wanafunzi, nataka kuipeleka idara.

#43 Mwalimu wa Jioni
Yanaonekana usipogusa. Mwambie anayesimamia mfumo aende kwenye ruhusa za shughuli yenyewe, aondoe kwa mwanafunzi ruhusa ya kuona jina la mwandishi na ya kuona jina la msahihishaji. Zote mbili, ukisahau moja umefanya kazi bure. Na waambie wasiandike jina ndani ya faili. Nusu yao wataandika.

#44 Mzigo Mzito
Siku hizi jina si hoja. Juzi nimesahihishiwa insha na watu watatu tofauti, maoni yote matatu yanaanza "Kazi hii imepangiliwa vizuri, hata hivyo ingenufaika na uchambuzi wa kina zaidi". ChatGPT kasoma insha yangu mara tatu, binadamu hakuna.

#45 Mwalimu wa Jioni
Na mimi nimepokea hiyo sentensi. Darasa la watu 62, nikaacha kuhesabu. Ndiyo maana sasa nawataka wanukuu mstari mmoja wa mwenzao na waseme wangeuandikaje wao. Wengine wamemwomba huyohuyo awanukulie, akanukuu mstari ambao haumo.

#46 Kimbweta Namba Nne
😂😂 Mwalimu, hao uliwapa ngapi kati ya zile 20 za usahihishaji?

#47 Ngoja Waje
Usijibu mwalimu, wamo humu.